Mwongozo kamili wa kula wikendi Dar kwa soul na sanaa, bila kurudi nyumbani hoi na mfuko mtupu

Wadau, kila Jumatatu kuna mtu ananiuliza we jana ulikuwa wapi, nikimwambia nilikuwa kwenye muziki wa soul, laivu, bendi ya watu wanne, ananiangalia kama nimemwambia nilikuwa Detroit, Marekani. Dar hii hii? Ndio, Dar hii hii ya foleni na joto. Sasa nimeamua niandike mara moja halafu kila atakayeuliza namtumia hii, maana nimechoka kurudia.

Niwaambie mapema msimamo wangu ili tusisumbuane: wikendi ya sanaa Dar inaharibiwa na tamaa. Mtu anataka aone picha Oysterbay, apitie Mwenge, ale Kariakoo, awahi muziki Upanga, amalizie sijui wapi, mwisho wa siku kaona taa za nyuma za magari ya watu tu. Mimi naenda na sheria ya mambo mawili kwa siku, moja la mchana moja la usiku, na yote mawili upande mmoja wa mji. Mengine yote hapa chini yanaizunguka hiyo sheria.

KWANZA: JUA UNAENDA KUSIKILIZA NINI

Soul ni muziki uliotoka kanisani ukaenda baa, hayo ndio maelezo mafupi niliyonayo. Wamarekani weusi, miaka ya 1950 kuingia 1960, walichukua ule uimbaji wa kwaya na mahubiri, pale palipokuwa na jina la Bwana wakaweka jina la mpenzi. Ray Charles alifanya hivyo na watu wa kanisa wakamnunia. Sam Cooke alikuwa muimba injili kabla hajaimba mapenzi. Aretha Franklin ni mtoto wa mchungaji, sauti ile ilianza kusikika kanisani kwa baba yake huko Detroit. Kwa hiyo kama umekulia kwenye mapambio, kiongozi anatupa mstari watu wanaitika, anarudia kwa juu zaidi watu wanasimama, basi nusu ya somo unayo tayari. Na aliyekulia kwenye taarab naye ana nusu yake, maana kazoea kumsubiri muimbaji alifikishe neno bila kumharakisha.

Homiweki ya wiki moja kabla: chukua wasanii wa sehemu mbili tofauti. Motown ya Detroit, ile lebo aliyoianzisha Berry Gordy mwaka 1959, na Stax, lebo ya Memphis, huko huko Marekani. Motown utasikia vitu vimepigwa pasi, vinanda na fidla na tari inalia juu juu. Stax ni jasho, tarumbeta na saksafoni zinakata, ngoma imekaa kama mtu anapigilia mlango. Kinachonifurahisha Stax ni kwamba bendi yao ya studio, Booker T. and the M.G.'s, ilikuwa imechanganya weusi na weupe, Memphis ile ile ambayo nje ya mlango ubaguzi ulikuwa kama kawaida.

Sasa jinsi ya kusikiliza. Usisikilize kwenye spika ya simu, tafadhali sana, spika ya simu haina besi na soul bila besi ni kama pilau bila mchuzi wala kachumbari, inashuka lakini hufurahii. Vaa hedfoni hata za kwa wamachinga. Chukua wimbo mmoja uusikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuata besi tu, achana na muimbaji kabisa. Yule mpiga besi mkubwa wa Motown, James Jamerson, alikuwa anakwanyua nyuzi kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, ukishajua hilo huwezi tena kusikia zile nyimbo kama zamani. Mara ya pili fuata ngoma. Mara ya tatu ndio umsikilize muimbaji, na hapo utagundua mara nyingi anachelewa makusudi, anakuja nyuma kidogo ya mapigo, kama mtu anayejua daladala haitamwacha.

Na kitu kimoja ambacho kitakuokoa aibu ukumbini: makofi. Hesabu moja mbili tatu nne. Kofi la soul liko kwenye mbili na nne, sio moja na tatu. Jaribu nyumbani mpaka mkono uzoee. Nimeshaona meza nzima ya watu wazima wanapiga makofi kwenye moja na tatu, mpiga drams anawaangalia kwa huzuni.

YA KWETU PIA IPO

Usidhani hiki ni kitu cha juzi cha watu wa Masaki. Mwishoni mwa miaka ya 60 vijana wa Dar walikuwa wanakufa na soul, kulikuwa na bugi, yaani dansi la vijana, la Jumapili mchana, bendi kama The Rifters, Sparks na The Tonics zinapiga nyimbo za Marekani na watoto wa shule wamejaa. Serikali haikupenda. Januari 1969 ikaanza Operesheni Vijana, vimini na suruali za kubana na mawigi vikapigwa vita mitaani, na Novemba mwaka huo huo soul yenyewe ikapigwa marufuku Dar. Muziki! Mjomba wangu mmoja aliyekuwepo akihadithia hii habari huwa anacheka mpaka anakohoa, anasema amri ilikuja lakini miguu haikusikia, na miaka michache mbele mji mzima ukawa suruali pana za bugaluu na viatu vya raizoni vya soli nene na nywele za afro.

Ukitaka kusikia ladha ya wakati ule watafute Sunburst, bendi ya Dar ya miaka ya 70, wenyewe mtindo wao waliuita Kitoto. Albamu yao ya 1976 ilikuja kutolewa tena 2016 pamoja na rekodi zao nyingine, kwa hiyo inapatikana mtandaoni, huna haja ya kutafuta santuri kwa mtu. Msikilize na Patrick Balisidya na Afro 70 yake. Ukivuka mpaka, Mombasa ilimtoa Slim Ali na Hodi Boys, huyo anaimba soul usingejua ni mtu wa pwani mpaka uambiwe. Wa siku hizi, kwa hapa nyumbani anza na Grace Matata na Damian Soul, huyo jina lenyewe limeshajitambulisha. Na msije mkaniambia Sauti Sol wa Kenya nao jina lao ni soul, hapana, sol pale ni jua kwa Kihispania. Ila nyimbo zao za mwanzo zile za magitaa ziweke tu, hazikatai.

PILI: KUTAFUTA TUKIO

Hapa ndio watu wanakwama, wanasubiri tangazo barabarani. Matukio madogo hayana hela ya bango. Kurasa za kufuata ni za sehemu zenyewe: Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani, wote wako Upanga, wanatoa ratiba na mambo yao mengi kiingilio ni kidogo au hakuna kabisa. Nafasi Art Space ya Mikocheni, wapo tangu 2008, wana maonyesho na siku za muziki wa laivu. Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert nao wana ukumbi. Halafu kuna mahoteli na baa zenye bendi Ijumaa na Jumamosi, hizo zinabadilika kila baada ya miezi michache kwa hiyo sitaji hata moja, nikitaja leo kesho wameweka DJ mtanitukana mimi.

Siri yangu ambayo sijui kwa nini naitoa bure: usimfuate muimbaji peke yake Insta, mfuate mpiga besi. Muimbaji ana shoo moja kwa mwezi. Mpiga besi mzuri hapa mjini anapiga na waimbaji wanne watano, kila wikendi yuko sehemu, na anapost stori ya saundi cheki, yaani wanajaribu vyombo kabla ya shoo, saa kumi jioni, yaani unajua kabisa leo yuko wapi. Mimi wapiga besi wawili na mpiga kinanda mmoja wananitosha, kuna watu nimewajua kupitia kwao ambao redio haijawahi kuwataja.

Ukipata posta, kagua vitu viwili. Moja, siku na tarehe zinaendana? Posta za WhatsApp hazifi, utatumiwa ya mwaka juzi na shangazi kwenye grupu la familia, imeandikwa Jumamosi tarehe 14 lakini ukifungua kalenda tarehe 14 ni Jumatatu. Ujue hiyo ni maiti. Mbili, saa. Hapa nina kidonda. Niliona posta imeandikwa "saa 7:00", nikajipanga vizuri, nikafika saa saba mchana juani na shati langu la kunyooshwa, mlinzi akaniangalia akasema, "Kaka, hao wanakuja saa moja." Aliyetengeneza posta alikuwa anawaza kizungu anaandika kiswahili. Nilikaa kibanda cha mama ntilie mpaka magharibi, nikala wali maharage mara mbili. Tangu siku hiyo napiga simu au natuma meseji: habari, ni saa moja usiku au saa saba mchana? Wanaona ni swali la kijinga, sawa tu.

TATU: HELA

Fupi. Toa nauli ya kurudi kwanza, iweke kwenye laini nyingine au mfuko mwingine, usiiguse hata Otis Redding, yule muimbaji wa Stax, afufuke. Mwendokasi ni ya kwendea, usiku ukikolea haikusubiri, utarudi na bajaji au Bolt na usiku bei inapanda. Baada ya hapo ndio kiingilio, halafu chakula, halafu weka kitu kidogo cha msanii. Sehemu nyingi siku hizi ni lipa namba lakini mtandao ukizingua utabaki unatabasamu, kwa hiyo kuwa na noti mkononi, na ziwe ndogo ndogo, mlangoni hawana chenji kamwe, hiyo ni desturi ya taifa. Chakula usile ukumbini kama bajeti ni ya kuhesabu. Kula kabla. Ukumbini kunywa.

NNE: MCHANA, NENDA KAONE MIKONO YA WATU

Unaweza kuuliza kwa nini nisiende tu kwenye muziki usiku. Unaweza, ila ukitoka kitandani saa kumi na mbili jioni moja kwa moja ukumbini unafika na akili ya usingizi. Mtu aliyeshinda anaangalia watu wanafanya kazi kwa mikono anafika masikio yamefunguka, sijui kwa nini, ila nimejaribu njia zote mbili.

Gawa mji vipande. Kipande cha kwanza ni Oysterbay. Pale Haile Selassie, Morogoro Stores, ndio wapo wachoraji wa Tingatinga, ni ushirika. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mtu wa Tunduru, alianza kuchora na kuuza huko huko Oysterbay mwishoni mwa miaka ya 60, rangi za mafuta za kupakia baiskeli kwenye vipande vya mraba vya hadibodi. Kafariki 1972, polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, alikuwa amechora miaka minne tu hivi. Miaka minne, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima duniani.

Usiingie pale ukaanza na dukani. Pita kwa waliokaa nje wanachora. Jumamosi moja nilikaa nyuma ya mzee mmoja karibu saa nzima, nilimuamkia nikaomba kukaa, akanisogezea ndoo nikae. Alikuwa anaweka nukta kwenye mgongo wa kanga, yule ndege, nukta nyeupe juu ya nyeusi. Brashi nyembamba imebaki nywele chache, anachovya, anagusisha ukingo wa kopo kutoa ya ziada, anaweka tatu, anachovya tena. Nukta tatu kila mchovyo, hakuwahi kuweka nne. Nikamuuliza mzee kwa nini tatu, akasema ya nne inakuwa ndogo, itaonekana. Rangi ile ina harufu kali inapanda kichwani, inabidi ikauke juani kabla ya rangi nyingine kuwekwa juu, ndio maana utakuta picha zimeegemezwa ukutani zote zinaangalia jua. Kama unanunua picha, iguse pembeni kwa ukucha kwanza, kama bado inanata usiikunje, utafika nyumbani simba kahamia kwenye mgongo wa twiga. Na bei ongea, ila ongea kistaarabu, picha iliyochukua siku tatu usitoe bei ya chipsi mayai. Ukimaliza Coco Beach si mbali, mihogo ya kukaanga na pilipili, upepo wa bahari, ushakuwa tayari kwa usiku.

Kipande cha pili ni barabara ya Bagamoyo. Kijiji cha Makumbusho kina nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, unaingia ndani, unainama mlangoni kama walivyoinama wenyewe. Wikendi mchana huwa kuna ngoma, uliza kabla hujaenda. Mbele kidogo Mwenge wako wachonga vinyago, Wamakonde wengi, hapo sikiliza sauti ya patasi kwenye mpingo, ni kavu tofauti na mti mwingine wowote. Ukitaka kujua kama ni mpingo kweli nyanyua, ni mzito kupita unavyotegemea, wa kupakwa kiwi ni mwepesi na unaacha weusi kwenye vidole. Na Nafasi iko Mikocheni, chukua bajaji kutoka Mwenge, studio za wasanii humo nyingine ni makontena, ukikuta mlango uko wazi bisha hodi, wengi wanakaribisha. Usipige picha kazi ya mtu bila kuomba. Hilo ni kila mahali.

Kipande cha tatu, Posta na Upanga, ndio mimi naupenda zaidi kama sina hela. Natoka Kimara na mwendokasi mpaka Posta, natembea Makumbusho ya Taifa, nakaa kwenye bustani ya jirani pale kivulini, jioni natembea au boda mpaka Upanga kwenye muziki. Hakuna foleni, hakuna kugombana na mtu. Ona ilivyokaa: mchana na usiku upande mmoja. Ukichukua Oysterbay mchana halafu usiku Kariakoo umeshavunja sheria na mji utakulipa.

TANO: UKUMBINI

Fika mapema, na simaanishi dakika kumi. Bendi ikisema saa mbili, fika saa moja. Itaanza saa tatu, najua, unajua, wanajua, lakini ukiwahi utakuta saundi cheki, na saundi cheki ni nusu ya shoo na hailipiwi. Utasikia kila chombo peke yake, ile homiweki yako ya besi inajibiwa mbele ya macho yako. Utamuona fundi mitambo anahangaika na kile kipaza sauti kinachopiga mluzi, muimbaji kavaa ndala anaimba nusu nusu kutunza koo.

Kukaa. Watu wanakimbilia meza ya mbele kabisa, kosa. Mbele unasikia kile kinachotoka jukwaani tu, drams zinakufunika, sauti ya muimbaji inapita juu ya kichwa chako kuelekea nyuma. Pembeni kabisa chini ya spika nako ni kujiua. Tafuta katikati, theluthi moja kutoka nyuma, karibu na meza ya fundi mitambo, maana yeye anachanganya sauti kwa masikio yake pale alipo, kwa hiyo palipo pazuri kwake ni pazuri kwako. Kama ni nje kwenye bustani jitahidi upepo usiwe unatoka kwako kwenda jukwaani. Na pakaa dawa ya mbu, Upanga mbu wake nao wanapenda muziki.

Simu. Rekodi wimbo mmoja, uweke mfukoni. Sio kwamba nawafundisha adabu, ni kwamba video yenyewe hutaiangalia, unajua hivyo na mimi najua.

Kuna suala la kutuza, na hapa nimebishana na watu. Sisi tumezoea kwenye taarab na dansi, wimbo ukikukuna unanyanyuka na noti unaenda kumbandika muimbaji au unamwagia miguuni, unacheza kidogo, unarudi. Baadhi ya marafiki zangu wanasema kwenye soul ni ushamba. Mimi nasema tuza, ni kwetu hapa, ila chagua wakati. Usiende akiwa kwenye ile noti ndefu amefumba macho. Subiri kiitikio kirudi au wimbo uishe, nenda taratibu, na kama kuna kikapu pale mbele weka humo. Wagawie na wa nyuma. Mpiga drams huwa hatuzwi na mtu na yeye ndio analoa jasho kuliko wote.

Kuitikia je? Itikia. Soul bila watu kuitikia ni msiba. Akisema kitu kikakugusa sema haya, sema eeh, sema wee, hakuna kamati ya kukukataza. Lakini kuongea ofisi na mwenzako kwa sauti ya juu wakati mtu anaimba polepole, hapo utageuziwa shingo.

Nihadithie kitu kimoja. Mwaka fulani, ukumbi mdogo, watu labda hamsini, dada mmoja yuko katikati ya wimbo wa polepole, tanesko wakafanya yao. Giza. Spika zikafa, kinanda kikafa, besi ikafa, feni zikaanza kuzunguka kwa kuchoka mpaka zikasimama. Unajua ile sauti ya watu kuguna pamoja? Ikaja. Halafu tukasikia yule dada hajaacha. Anaendelea, bila kipaza, sauti imekuwa ndogo lakini imesogea karibu, kama kaja kukaa mezani kwako. Mpiga drams akaacha fimbo akawa anapiga kwa viganja. Mtu wa kwanza akaanza makofi, kwenye mbili na nne, wengine wakafuata, mpaka mhudumu aliyeshika trei kaisimamisha kifuani anapiga kwa mkono mmoja kwenye trei. Jenereta ilipowaka, taa zikarudi, spika zikapiga "puu", na nakwambia kuna watu walisikika wakisema aaah, kwa kusikitika, umeme umerudi. Ile theluthi ya nyuma niliyokuwa nimekaa haikuwa na maana tena, nilikuwa nimeshanyanyuka niko mbele sijui saa ngapi.

Ndio maana nawaambia kumbi ndogo. Kwenye tamasha la uwanjani umeme ukikatika watu wanarusha chupa.

SITA: JUMAPILI

Jumapili usifanye mambo mawili, fanya moja, na moja lenyewe liwe dansi. Najua umekuja kwa ajili ya soul, nisikilize kwanza. Msondo Ngoma, ambao walianza kama NUTA Jazz mwaka 1964, na Sikinde, yaani Mlimani Park ya 1978, hawa wazee ukikaa karibu na safu ya tarumbeta na saksafoni utasikia kitu kile kile ulichosikia kwenye Stax: muimbaji anasema, tarumbeta zinamjibu, anasema tena, zinamkatisha. Sisemi waliiga, rumba ina njia zake. Nasema sikio lililofunguliwa na soul linafaidi dansi mara mbili. Nenda jioni, vaa vizuri, wazee pale wanavaa, usije na bukta. Mzee akikuomba kiti mpishe. Na mashairi yafuate, ni hadithi ndefu za ndoa na majirani na madeni, ukipoteza mstari mmoja umepoteza nani kamuibia nani mke.

Ukiwa na wikendi ndefu na hela kidogo ya ziada, Februari kuna Sauti za Busara Unguja, ipo tangu 2004, ndani ya Ngome Kongwe, boti kutoka Dar ni kama saa mbili hivi. Kata tiketi na ulipie chumba mapema, Mji Mkongwe unajaa. Hiyo sheria yangu ya mambo mawili pale ivunje, kila kitu ni kutembea kwa miguu.

SABA: USIKU WA JUMAPILI KABLA YA KULALA

Andika. Kwenye simu, mistari mitatu inatosha: nani alipiga, na nani nyuma yake, wimbo gani ulikukaa. Majina ya wanamuziki wa nyuma hayapo kwenye posta, ukilala yamepotea. Mtumie meseji hata mmoja, "kaka jana besi ilikuwa moto", wanajibu, tena wanafurahi kuliko unavyodhani, na wiki ijayo anakutumia mwenyewe wapi anapiga kabla posta haijatoka.

Ya kwangu ya wiki iliyopita imeandikwa hivi: kinanda, shati la kitenge la kijani, miwani, jina? Jumamosi anapiga tena na bendi ile ile. Nafika saa moja, nitamuuliza kwenye saundi cheki.